Mwizi Aliyevua Viatu

"Nimeshapiga deki," alisema Torleif Aasgaard, kwa fahari ya mtu anayesubiri pongezi.

Ragnfrid Myrvang, mpelelezi wa ofisi ya Gavana kutoka Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa vile vya kaskazini, alikuwa bado amesimama kwenye kizingiti cha stoo ya matope, kope zimemganda theluji. Alimtazama meneja huyo wa kituo cha utafiti, akaitazama sakafu ilivyokuwa ikimeremeta, kisha akamtazama tena meneja.

"Umepiga deki mahali palipoibiwa."

"Palikuwa pachafu, Ragnfrid. Matope kila mahali."

"Torleif, nimeamshwa alfajiri, nimetupwa ndani ya kindege kile kama kifurushi cha posta, nimetapika juu ya ghuba mbili. Yote hayo nije kukusifia usafi?"

"Hukuja kukagua sakafu. Umekuja kumchukua yule msichana. Rubani anaondoka saa saba, na yeye aondoke naye."

Ndivyo alivyokuwa Torleif. Mtu mwema kabisa, hana baya na mtu, ila hapendi kitu kisicho mahali pake. Kwake kesi ilikuwa imekwisha tangu jana, imebaki kufagiwa tu.

Ragnfrid alivua buti zake, akazipanga kando ya za Torleif, akaingia na soksi. Stoo ilikuwa na nyuzi nne juu ya sifuri, na kwa aliyetoka nje kwenye ishirini na nne chini ya sifuri, hapo palikuwa pa kufungulia vifungo vya koti. Mabomba ya plastiki inayopitisha mwanga, kila moja refu kama mtoto wa miaka kumi, yalilala kwenye rafu yakiwa yamejaa matope ya chini ya ziwa. La kwanza, la pili, la tatu, mpaka la sita. Kisha pengo.

"Lililoibwa ni la saba," alisema Torleif. "Alipolivuta kwa pupa, la nane likaanguka likapasuka, ndiyo matope yakamwagika. Hiyo ni juzi usiku. Na chini ya rafu nimeokota glavu ya yule msichana, Benedita. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho humu jioni ile. Ni kwamba alitaka kwenda nalo kwao Ureno, akajipatie sifa peke yake. Sasa unataka nini zaidi?"

"Benedita si ndiye anafanya kazi humu kutwa?"

"Ndiye."

"Basi nikikuta glavu yake msikitini au kanisani, hapo nitashangaa. Humu sishangai. Mlango ulifungwa?"

Torleif alimwangalia kama aliyeulizwa kama huwa anakula mawe. Pale kituoni Skarvbukta hakuna mlango unaofungwa kwa ufunguo, na hata mtoto anajua sababu. Dubu mweupe akikutokea njiani, unaingia nyumba yoyote iliyo karibu bila kubisha hodi. Kwa hiyo kila mtu wa kituo angeweza kuingia stoo saa yoyote, na Ragnfrid aliuliza kwa mazoea tu.

Alilala kifudifudi. Akawasha taa ya kichwani, akachungulia nyuma ya rafu, pale ambapo fagio la deki halikufika kwa sababu mpigaji deki ana kitambi. Matope yalikuwa yamekauka, na katikati yake palikuwa na alama ya mguu, kuanzia vidoleni hadi kisigino.

Ragnfrid alikaa hapo chini kitambo kirefu. Alijifunza kufuma kabla hajajua kusoma, kama wasichana wote wa kwao, na alama ile aliisoma bila shida. Mishono ilionekana safu kwa safu, na pale kisigino mfumaji alikuwa ameongeza uzi wa pili ili soksi isitoboke upesi. Hapakuwa na alama ya soli ya kiatu.

"Torleif, njoo ulale hapa."

"Nilale?"

"Lala bwana, sakafu si umeisafisha mwenyewe?"

Torleif alilala, akihema. Akatazama mwanga wa taa ulipoelekea.

"Soksi," alisema.

"Soksi ya sufu. Mwizi wako alivua viatu mlangoni."

Torleif aligeuza kichwa akamshangaa. "Sasa ulitaka aingie na viatu?"

Ragnfrid alicheka mpaka akagonga paji la uso kwenye rafu. Lo! Jibu lote lilikuwa hapo, na mwenyewe aliyelitoa hakujua amelitoa. Mtu anakuja kuiba gizani, anaogopa kila mlio wa upepo. Na bado anainama, anafungua kamba za buti, anaziweka buti zake vizuri pembeni, ndipo anaingia kuiba. Mwizi wa Oslo asingefanya hivyo, wala wa Lisbon. Aliyefanya hivyo ni mtu ambaye mwili wake haujui tena njia nyingine ya kuingia ndani.

Alipima alama kwa mkono wake. Shibiri moja na vidole vinne. Mguu mkubwa.

"Benedita ana muda gani hapa?" aliuliza akijipangusa.

"Wiki tatu. Na wiki zote tatu ametuchafulia."

"Amewachafulia nini?"

"Viatu! Anaingia navyo bwaloni, anaingia navyo maktaba. Watu wameshampa jina. Wanamwita Buti."

*

Benedita Quaresma alikuwa amekaa kitandani chumbani kwake, begi limefungwa kando yake, buti bado ziko miguuni, zimeacha dimbwi la theluji iliyoyeyuka juu ya zulia. Macho yalikuwa mekundu lakini kidevu kilikuwa juu.

"Mimi si mwizi," alisema kabla Ragnfrid hajakaa. "Anza na hilo."

"Vua buti nione soksi zako."

"Na wewe pia? Nimekuja kusoma matope ya miaka elfu tisa, kila siku nasikia viatu, viatu, viatu!"

"Vua tu, mwanangu. Leo huenda ikakufaa."

Benedita alivua. Soksi zilikuwa za pamba, nyembamba, zenye picha za malimau. Mguu wenyewe ungeweza kulala ndani ya alama ile ya stoo na nafasi ikabaki. Ragnfrid aliupima kwa mkono, akaguna kwa kuridhika, akavuta kiti.

"Haya. Bomba la saba lina nini ambacho mengine hayana?"

"Lilichimbwa pale ziwa lilipo na kina kirefu. Lilifika chini kuliko yote. Na karibu na mwisho wake kuna mstari mweusi." Benedita alionyesha kwa vidole, unene wa uzi. "Nililimulika kwa taa upande wa pili, nikauona. Mstari mweusi maana yake mimea. Mimea maana yake bonde lenye ziwa lilikuwa wazi, barafu haikuwapo."

"Na hilo linamuudhi nani?"

Msichana aliutazama mlango.

"Benedita, ndege iko uwanjani. Sina muda wa adabu."

"Profesa Stamnes," alisema hatimaye. "Miaka thelathini anafundisha kwamba barafu ya bonde lile haikuwahi kuyeyuka yote. Jina lake limejengwa juu ya hilo. Lakini si yeye, haiwezekani! Yeye ndiye aliyenipigania nije hapa."

"Ulimwambia habari za mstari?"

"Juzi, mezani wakati wa chakula cha jioni."

"Akasema nini?"

"Akaniomba chumvi."

Ragnfrid alikuna shingo. "Kwa nini hukulifungua siku ileile ulipouona?"

"Sikuruhusiwa. Yanafunguliwa kwa zamu, kuanzia la kwanza. Utaratibu wa bwana Torleif." Alilisukuma begi kwa mguu. "Nikipanda ndege leo nimekwisha, unaelewa? Hakuna chuo kitakachompokea mtu aliyefukuzwa Skarvbukta kwa wizi. Na bomba lenyewe litakuwa limekufa. Likiwekwa nje saa moja tu, matope yanaganda, yanavimba, mistari yote inavurugika. Hata mwizi akipatikana mwakani, hakutakuwa na cha kusoma."

"Mtu anayejua kazi hii anaweza kulitupa nje?"

"Anayejua?" Benedita alishtuka kweli. "Ni sawa na kumuua."

Ragnfrid aliondoka na neno hilo.

*

Alimkuta Profesa Eilert Stamnes maktaba, mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, soksi za kijivu zimenyooshwa kuelekea kwenye hita. Huyu alikuwa amemaliza hapa majira mengi ya giza, ile miezi ambayo jua halichomozi kabisa, kuliko mtu yeyote aliye hai. Ndiye aliyekuwa akifungua dansa siku jua linaporudi, ndiye aliyekuwa akiwaandalia hotuba maharusi. Hata Ragnfrid alimpenda.

"Binti ana kipaji," alisema Eilert, "lakini ana haraka. Ujana. Usiwe mkali naye, Ragnfrid."

"Wewe stoo uliingia lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita, nadhani."

"Na unadhani bomba liko wapi sasa?"

"Nje huko." Alielekeza dirisha jeusi. "Theluji imejaa tele. Unachimba shimo, unafukia, nani atajua?"

"Wewe ungefanya hivyo? Ungelitupa kwenye theluji?"

Kikombe cha kahawa kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Kilisimama hapo hewani.

"Mimi?" alisema Eilert, na uso ukamkunjamana kama aliyetiwa shubiri kinywani. "La. La, mimi nisingeweza."

Kisha akanywa kahawa, akatabasamu, akauliza habari za Longyearbyen. Ragnfrid alimjibu vizuri tu. Lakini kichwani alikuwa ameshaanza kupanga. Kama mwizi ni mtu wa matope, bomba haliko nje. Na kama haliko nje, liko mahali penye ubaridi wa kadiri, si moto wala si barafu. Chumbani mwa mtu ni joto mno, tena pana macho. Kwa hiyo panabaki wapi?

Alikwenda jikoni.

Mpishi Hallgeir alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwili mkubwa, ndevu kifuani, anafuma soksi huku sufuria ya mchuzi wa kulungu ikichemka nyuma yake.

"Polisi wamefika!" alisema bila kuinua macho. "Ficheni jibini!"

"Hallgeir, soksi zote za kituo hiki wewe ndiye unafuma?"

"Miguu yote ya hapa ni yangu. Torleif, Eilert, mafundi, wote. Krismasi kila mtu jozi moja, apende asipende. Isipokuwa Buti, yake ndiyo hii hapa. Kadogo, angalia. Kama ya mwanasesere."

"Na kisigino unatia uzi mara mbili?"

"Bibi yangu angefufuka anipige nisipotia." Sasa aliinua macho. "Mbona unauliza kama daktari?"

"Miguu mikubwa kuliko yote ni ya nani?"

"Mimi, Torleif na Eilert. Twende tukapime?"

"Twende stoo ya viazi."

Hallgeir aliweka sindano zake chini, akavaa koti. Stoo ya viazi ilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya bwalo, na hita ndogo ndani yake, kwa kuwa viazi navyo vikiganda ni hasara, na meli ya mboga haiji mpaka barafu ya ghuba ivunjike. Hallgeir aliingia moja kwa moja na buti zake, akawasha taa. Ragnfrid alipita nyuma ya magunia, akapapasa, akasukuma gunia la mwisho. Ncha ya plastiki ikameta.

Bomba la saba lilikuwa limelazwa juu ya blanketi, taratibu kama mtu anavyolaza kichanga.

Hallgeir alibadilika rangi. "Ragnfrid, naapa kwa roho ya mama yangu..."

"Nyamaza kidogo."

"Mimi matope yananihusu nini? Nikitaka matope ninachemsha kahawa ya Torleif!"

Na kwa bahati mbaya, Torleif mwenyewe alikuwa ameshafika mlangoni. Aliona taa, akawafuata. Alilitazama bomba, akamtazama mpishi, akatazama miguu ya mpishi.

"Basi ni yeye," alisema. "Stoo ni yake, soksi ni zake, mguu ni wake. Mchukue huyu badala ya msichana, saa saba haijafika."

"Haki ya Mungu, Torleif, wewe una haraka ya kufukuza watu!" Ragnfrid alikuwa amechoka naye sasa. "Jana Benedita, leo Hallgeir, kesho utanifukuza mimi. Hebu angalia chini. Unaona nini?"

"Theluji. Ameingia na buti."

"Ameingia na buti kwa sababu hapa ni kazini kwake, anaingia na kutoka mara kumi kwa siku amebeba ndoo. Amezoea. Haya, nitazame mimi niliye mgeni hapa."

Torleif alitazama. Ragnfrid alikuwa na soksi. Buti zake zilikuwa nje kwenye kidaraja cha mbao cha mlangoni, na yeye mwenyewe hakukumbuka lini alizivua.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Yeyote asiye mpishi akija humu atavua buti nje kama mimi. Tungeweza kubishana hapa hadi jua litakaporudi mwezi wa pili. Mimi sitaki mabishano, nataka mtu aje mwenyewe. Hallgeir, unajua kuigiza?"

"Niliwahi kuwa Yusufu kwenye mchezo wa Krismasi."

"Ulikuwa na maneno ya kusema?"

"Hapana."

"Basi leo utasema. Na wewe Torleif, chochote atakachosema, kula chakula chako na usifungue mdomo. Utaweza?"

*

Mchana, bwalo lilijaa. Nje giza lilikuwa lilelile la asubuhi, ndani mishumaa imewashwa mezani, vijiko vinagonga bakuli. Rubani alikuwa anakula sahani ya pili. Benedita alikaa peke yake pembeni na begi lake, na hakuna aliyemwita Buti leo. Hilo lilimuuma kuliko utani wenyewe, na ilionekana.

Hallgeir alitoka jikoni akipangusa mikono, akapaza sauti kama muuza samaki.

"Jamani! Tangazo! Hita ya stoo ya viazi imekufa! Imekufa kabisa, mlango wenyewe umegoma kufunga, baridi inaingia kama mafuriko!"

"Si utuite mafundi," alisema mmoja wa mafundi.

"Fundi wa nini? Viazi vyenyewe vimeshachipua. Nimeamua niviache vigande, kesho nitavitupa. Haya, kuleni!"

Aliigiza vibaya mno. Alikuwa anatoa jasho. Ragnfrid aliinamisha uso kwenye bakuli ili asicheke, lakini macho yaliendelea kuzunguka meza. Torleif alikuwa anatafuna kwa bidii, mashavu mekundu. Mafundi walianza kubishana kama hita ni ya kutupwa au ya kutengenezwa. Profesa Eilert alikata kipande cha mkate, akakipaka siagi pande zote hadi kwenye kingo, akakiweka chini bila kukila.

Kisha akasimama.

"Samahani," alisema kwa upole. "Nimesahau miwani."

Miwani ilikuwa usoni mwake.

Ragnfrid alimwacha atoke. Alimalizia mchuzi wake, kwa sababu ulikuwa mtamu na kwa sababu alitaka mtu yule afike anakokwenda. Kisha akamkonyeza Torleif, wakavaa makoti, wakazunguka nyuma ya bwalo. Hewa ilichoma pua. Mwezi ulikuwa juu ya ghuba, na theluji ilitoa mwanga wa kutosha kuona njia bila taa.

Torleif alisimama ghafla akamshika mkono.

Mlango wa stoo ya viazi ulikuwa wazi, na nje, juu ya kidaraja, kwenye baridi ya kukata masikio, palikuwa na buti mbili kubwa zimepangwa sambamba, kamba zimeingizwa ndani ili zisipate theluji.

"Lo!" alinong'ona Torleif. "Lo, Eilert."

Ndani, profesa alikuwa amepiga magoti sakafuni kati ya magunia. Alikuwa amevua koti lake zito na kulifunga nalo bomba la saba, na yeye amebaki na shati. Hita ilikuwa inawaka vizuri kando yake, nyekundu kama kawaida, wala hakuwa ameitazama. Alipowaona aligeukia hita.

"Hita ni nzima," alisema polepole, akiiona sasa.

"Nzima kabisa," alisema Ragnfrid. "Vaa koti, Eilert, utaumwa."

"Nitalivaa. Ngoja kwanza nilirudishe hili..." Alilishika bomba, akaona anavyotazamwa, akaliachia.

"Ulikuwa na siku mbili. Ghuba iko hatua chache. Ungelitupa kwenye ufa wa barafu yake, leo nisingekuwa na kesi yoyote."

"Kulitupa?" Macho yalimtoka. "Miaka elfu tisa imo humu ndani, mstari kwa mstari. Nilitaka tu lisifunguliwe wakati wangu. Nikifa wafungue. Sikuweza kulitupa, Ragnfrid. Nililibeba mpaka mlangoni mara mbili, nikashindwa."

"Lakini msichana uliweza kumtupa."

Eilert alilifungua koti kutoka kwenye bomba, akalivaa. 

*

Habari zilifika bwaloni kabla yao. Walipoingia, Eilert katikati, Ragnfrid amebeba bomba begani kama bunduki, watu wote walikuwa wamesimama. Benedita aliona bomba. Aliwapita watu, akalipokea kwa mikono miwili, akalimulika kwenye mshumaa uliokuwa karibu, akautafuta mstari wake hadi akauona. Mstari ulikuwa pale, umenyooka.

"Ni zima," alisema. "Hajaligandisha. Ni zima!"

"Benedita," alisema Eilert. Sauti ilikuwa kavu. "Najua sina haki ya kuomba kitu. Lakini ndege bado haijaondoka. Ningeomba lifunguliwe sasa. Nilione."

"Thubutu!" Torleif alifoka, hasira yote ya kudanganywa ikimtoka mara moja. "Baada ya uliyoyafanya? Tena lifunguliwe kwa zamu yake, utaratibu..."

"Torleif," alisema Ragnfrid, "bomba si langu wala si lako. Muulize mwenyewe."

Bwalo zima liligeuka kumtazama Benedita. Naye alimtazama profesa kwa muda, bila haraka, na ile haya yake ya mgeni haikuwapo tena.

"Aje," alisema. "Tena asimame mbele kabisa. Lakini akiliona aseme mwenyewe, kwa sauti, wote wasikie."

Wakaenda stoo ya matope, kituo kizima, wakajibana humo na soksi zao kama abiria waliokosa siti. Benedita alipasua plastiki kwa msumeno mdogo, upande huu na upande ule. Akapitisha uzi wa chuma katikati ya matope, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akayafunua kama mtu anayefunua kitabu.

Kijivu, kijivu, kijivu. Mistari isiyohesabika, myembamba, ya maji ya barafu. Na chini, karibu na mwisho, mweusi.

Aliuinamia mstari ule na ncha ya sindano. Alichokoa, akapuliza kidogo, akachokoa tena.  Halafu akainua kitu juu ya ncha, akakilaza kwenye kioo chenye tone la maji, na kitu kikajikunjua chenyewe. Hakikuzidi ukucha wa kidole kidogo, na mishipa yake ilionekana yote.

Alimpa Eilert lenzi.

Mzee aliinama. Aliangalia, akasogeza lenzi, akaangalia tena, na watu wa nyuma wakawa wanasimama kwa vidole.

"Ni jani," alisema.

"Sauti," alisema Benedita.

Eilert alinyooka. Akageuka, akawatazama watu aliokula nao, aliocheza nao dansa, aliowafundisha.

"Ni jani!" alisema, na sauti ikajaa chumba. "Jani la mti. Mti ulimea bondeni, kabla ya matope haya yote ya barafu. Barafu haikuwapo. Nimekosea miaka thelathini, na Benedita Quaresma yuko sahihi."

Hapo ndipo kelele zilipolipuka. Hallgeir alimnyanyua Benedita hadi kichwa kikagusa dari, mafundi wakapiga mabati ya rafu kwa mikono, rubani ambaye hakuelewa chochote akapiga makofi kuliko wote. Benedita alikuwa anapiga kelele kwa Kireno, machozi yanamtiririka, na ingawa hakuna aliyejua Kireno humo, kila mtu alimjibu. Ragnfrid alijikuta anapiga vigelegele na yeye, polisi mzima, wala hakuona aibu.

Torleif alijipenyeza mbele, uso umemwiva.

"Benedita, kuhusu kile kiti chako kwenye ndege..."

"Ndiyo?"

"Nimempa Eilert. Nisamehe. Nisamehe sana."

Benedita alimtazama kwanza kwa ukali, kisha akashindwa, akacheka kwa sauti kubwa. Akafuta machozi kwa mkono wenye matope, akajichafua uso mzima, akageuka kuyatazama matope yake yaliyolala wazi mezani. Kicheko kikakatika.

"Haya, tokeni!" alisema. "Wote! Mmejaa humu, mnanipashia matope joto. Tokeni!"

Wakatoka wakisukumana, Torleif akiwa wa kwanza.